Mahari ya Sarafu za Picha

Hussni alirudi Kismayu na koti la baridi mwilini, jua la mchana likiwaka, na begi dogo jeusi ambalo hata dereva wa bajaji hakuruhusiwa kumpokea. Vijana wa bandarini walisema ndani mna dola. Wazee walisema mna dawa za sukari. Zamzam, muuza samaki wa kukaanga ambaye ulimi wake huamka kabla yake, alisema mna meno ya bandia, maana mchu, kama Wabajuni wamwitavyo mtu, halindi begi namna ile ila ndani mna kitu cha kulia chakula.

Wardah alicheka pamoja na wenziwe, lakini moyo wake ulikuwa kwenye lile begi, kwa kuwa mwenye begi alikuwa amemfuata yeye. Wardah alikuwa mjane, mwenye umri wa kutosha kuwa na akili na usiotosha kukata tamaa. Alioka mikate ya mofa nyuma ya soko, na mofa zake watu walizingoja wamesimama. Marehemu Taha alimwachia tanuri la udongo, banda la njiwa, na nyumba iliyo kimya kupita kiasi.

Yeye na Hussni walizaliwa kisiwani Kudhaa, nyumba kwa nyumba. Vita vilipowatawanya watu, Hussni alivushwa na wazazi wake mpaka Mombasa, wakakaa kambini, mwisho Uingereza. Miaka ikapita, namba ya simu ikapatikana, wakaanza kuzungumza. Kila jioni akimaliza kuosha mabasi huko kwao alimpigia, na kila jioni alimchekesha, hata siku ile Wardah alipoungua vidole vitatu na hakutaka kuchekeshwa. Ndiyo sababu posa ilipokuja Wardah hakujivunga. Alichotaka ni kuolewa na Hussni, basi, na mahari iwe ya heshima kidogo ili mawifi zake, dada za Taha, wasipate la kusema.

Hussni akasema mahari anayo, tena kubwa kuliko walivyofikiri. Akaja kuionyesha kwa Bi Maimuna, shangazi yake Wardah, ambaye ndiye aliyekuwa na haki ya kuipokea. Alifuatana na ami yake, mzee Shuaibu, aliyekuja kwa ajili ya mwana wa nduguye na kwa ajili ya kahawa.

Bi Maimuna alitandika mkeka, akaleta tende. Hussni akafungua begi, akatoa kasha, na kabla hajalifungua kasha akavaa glavu nyeupe.

"Mwanangu," Bi Maimuna akamuuliza, "kuna mchu anapasuliwa?"

"Ni mafuta ya mikono, shangazi. Yanaharibu."

"Yanaharibu nini?"

"Thamani."

Kasha likafunguka. Ndani mlikuwa na sarafu, safu juu ya safu, kila moja imefungiwa peke yake kwenye kijumba cha plastiki. Hata duara hazikukamilika, zina pembe saba. Upande mmoja kichwa cha mfalme au malkia, upande wa pili picha. Hii ina nyuki. Ile ina mwogeleaji. Hii ina ua, hii ina baiskeli, na hii ina mzee mwenye masharubu ambaye Hussni mwenyewe hakumjua, ila alijua mwaka wake.

Bi Maimuna akainamisha miwani. "Ni fedha hizi?"

"Si fedha. Ni shaba na nikeli."

"Basi ni za kale."

"Hapana, hii ya mwaka juzi. Huko kwetu serikali ikikumbuka jambo, hutoa sarafu yenye picha yake. Watu huzipata dukani kwa chenji."

"Basi zimebaki chache."

Hussni akakohoa. "Za nyuki zilitengenezwa milioni tano tu."

"Milioni tano tu," Bi Maimuna akarudia, na ile "tu" akaitafuna kama kokwa. "Sisi Wabajuni tukifika milioni tano visiwani hapatabaki pa kulaza mchu. Na dukani inanunua nini?"

"Haitumiki dukani, shangazi. Yaani inatumika, lakini ukiitumia umeitupa. Ni ya kuweka. Mtandaoni kuna mtu anaiuza moja kama hii pauni elfu."

"Na nani amenunua?"

"Bado."

Mzee Shuaibu akaongeza tende mdomoni ili asiulizwe chochote.

Wardah alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Alisikia yote, na swali la shangazi lilimchoma kidogo. Lakini alimwona Hussni akiinua ile ya nyuki kwa vidole viwili, uso umemng'aa kama alivyokuwa Kudhaa akiokota kombe ufuoni, na akajiambia kwamba mtu aliyesoma nchi za watu huenda anajua asilolijua muoka mofa. Akakubali. Mzee Shuaibu akasoma Fatiha, nikaha ikapangwa Ijumaa.

Wageni walipotoka, Bi Maimuna akakusanya vikombe. "Kitendawili."

"Tega," Wardah akajibu.

"Ikiondoka inafanya kazi. Ikikaa nyumbani haifanyi kazi."

"Mtumbwi."

"Siyo. Nipe mji."

"Twaa kisiwa cha Ngumi."

"Ngumi haina hata duka la sukari, ninyime kabisa. Twaa wewe jibu lako: pesa." Akaingia ndani na vikombe vyake.

Sasa huku kwetu mahari haitazamwi kwa mbali. Siku moja kabla ya nikaha upande wa mume huileta na vyombo vyake, na wanawake wa upande wa mke huvisugua vyote, sinia, mabuli, bangili, vikapangwa juu ya kitambaa ili majirani waje washike, wapime kwa mkono, waulize bei bila haya. Hussni hili alikuwa amelisahau, au hakuwahi kulijua, maana alitoka mdogo. Lakini alimwambia ami yake mara nyingi: asiruhusu mtu kuvifungua vile vijumba. Mzee Shuaibu akalifikiria jambo hilo njiani. Akaona ni aibu kubwa kumwambia mwanamke asiguse mahari yake mwenyewe. Akafika, akaweka kasha, akanywa chai, na yale maneno akayameza na chai.

Wanawake walipofungua wakashangaa.

"Wamezifunga kama dawa ya minyoo," Zamzam akasema. Akachukua kisu chake cha samaki akaanza kuzitoa moja moja. "Na tazameni zilivyofubaa, abaayo, dada zangu. Maskini, zimeharibika safarini."

Ilikuwa kweli zimefubaa. Zilipita mikononi mwa wauza maziwa na wakata tiketi kabla ya kufika kwa Hussni, na tangu hapo hazikuguswa na mtu. Wardah akaona haya kwa niaba yake. Mtu ametoka mbali, mali yake iwekwe mbele ya dada za Taha ikiwa nyeusi? Akaenda mwenyewe kwenye tanuri akaleta jivu jeupe, akakata ndimu, akagawa makumbi ya nazi. Wakakaa chini wakasugua. Waliimba, tena waliimba vizuri. Walisugua kama wanavyosugua sinia ya shaba, kwa nguvu na kwa mapenzi, mpaka nyuki akawa na mikwaruzo kama aliyepita kwenye miiba, na mzee wa masharubu akabaki masharubu tu. Sarafu zikang'aa zikaumiza macho. Vile vijumba vya plastiki Zamzam akavichukua vya kutilia bizari.

Baada ya alasiri Hussni akaja na ami yake. Alivua viatu, akasalimia, akaona kitambaa. Aliketi pale pale kizingitini, nusu ndani nusu nje, akachukua sarafu moja kwa mkono mtupu bila glavu.

"Nani amezisugua?"

"Sote," Bi Maimuna akasema kwa fahari. "Jivu ametoa mkeo mtarajiwa."

"Mmeziua," Hussni akasema polepole. "Ukisugua sarafu ya kuweka, umeiua. Sasa hazina bei."

Zamzam akaficha kisu chini ya mguu, kana kwamba ndicho kilichoua.

Mzee Shuaibu akakuna kidevu. "Sasa, mwanangu, kama hazina bei, kesho shekhe akiuliza mahari tumjibu nini?"

"Na kama tumeharibu mali ya mchu, tutalipa," Bi Maimuna akasema. Hakuwa anacheka tena. "Taja. Zilikuwa za kiasi gani?"

Wardah alitazama vidole vyake, bado vina jivu. Alikuwa ameleta jivu kwa mkono wake. Kama kweli zilikuwa mali, hata akiuza tanuri halitatosha, na ndoa yenyewe imeisha kabla haijaanza.

Hussni alianza na namba moja, akairudisha, akatafuta nyingine. Mwisho akasema atampigia Fuadi, rafiki yake wa msikitini, anayeuza sarafu kwenye soko la Jumapili huko Uingereza, yeye ndiye mjuzi. Akampelekea picha, akampigia, na Bi Maimuna akaamuru simu iwekwe sauti kubwa katikati ya mkeka, pale pale penye sarafu.

Fuadi alizitazama zile picha, na kitu cha kwanza kilichosikika ni kicheko.

"Wamekusugulia? Kwa kitu gani, kwa mchanga?"

"Kwa jivu," Zamzam akasema kwa mbali, ameudhika. "Mchanga ni wa sufuria."

"Fuadi, sema nao," Hussni akamwomba. "Waambie zilikuwa za kiasi gani kabla."

"Kabla? Peni hamsini."

"Kila moja kwa wastani, au?"

"Kila moja peni hamsini, ndugu yangu. Si imeandikwa? Mwambie bibi harusi asiwe na wasiwasi. Kabla ya jivu ilikuwa peni hamsini, baada ya jivu ni peni hamsini. Dukani wataipokea, tena safi."

Wardah akaketi mkekani, karibu na sarafu.

"Na ile ya pauni elfu?" Hussni akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kutaja bei si kuuza. Mimi gari langu nimelitajia bei mwaka mzima, na bado nalipanda kwenda kazini. Sikiliza, ziko chache zenye bei, sikatai. Zile zilizotengenezwa kidogo, zikashtukiwa mapema. Ungekuwa nayo ningekuomba uniuzie. Hizo zako ziko kwenye kila droo ya kila jikoni huku. Nazijua, nyingi si nilikuuzia mimi?"

"Kwa pauni nane," Hussni akasema. "Nyengine kumi na tano."

"Na ulikuwa unafurahi."

Bi Maimuna akasogeza mdomo karibu na simu. "Mwanangu Fuadi, hujambo? Wewe unayeuza, nyumbani kwako umeweka ngapi?"

"Mimi, bibi? Sina hata moja," Fuadi akajibu bila hila. "Mimi nauza."

"Basi serikali yao ina akili na wewe una akili," akasema Bi Maimuna. "Serikali imewapa watu chuma chenye picha, wakakiweka wasidai kitu. Wewe ukawauzia chuma hicho hicho mara ya pili. Aliyebaki ni huyu wetu." Akafunga simu kwa kidole kimoja.

Zamzam akacheka, na Wardah akamkazia macho akanyamaza. Hussni alikuwa akizitazama sarafu kama mtu anayesubiri mojawapo imtetee. Kwa Wardah huo ndio ulikuwa wakati mbaya kuliko wote. Alimwonea huruma, na huruma haikuwa kitu alichotaka kumwonea mume.

"Nisikilize," akamwambia. "Taha alifuga njiwa. Aliwapenda, aliwaita kwa majina, na chakula chao kilimzidi yeye mwenyewe. Watu walimcheka. Lakini hata siku moja hakuniambia njiwa hao ni nyumba, wala hakwenda kuposa nao. Ungekuja ukasema, Wardah, mimi napenda vijisarafu vya picha, vinanifurahisha nikitoka kuosha mabasi, ningekushonea mfuko wa kuvitia. Wewe umesema ni mali."

"Niliamini ni mali."

"Najua uliamini. Una kitu kingine?"

Hussni akatikisa kichwa. Kila alichobakisha cha mshahara kilikuwa pale kwenye kitambaa, kinang'aa. Hata nauli alichangiwa na binamu zake.

"Mimi bado nakutaka," Wardah akasema, mbele ya shangazi na mbele ya ami, na Zamzam akajifanya hakusikia ili asikie vizuri. "Rudi nazo. Huko zinanunua mkate, sivyo? Basi nunua mkate. Nunua maziwa, sabuni, chochote utakachotaka kula, mpaka ziishe. Kila utakachonunua kwa hizo, mshahara wako utabaki. Huo utakaobaki ndio mahari yangu, hata ukiwa pete nyembamba. Siku itakapotoka ya mwisho, ami ataweka Ijumaa nyingine. Lakini zitoke zote, Hussni. Sitaki kuolewa nikiwa mke mwenza wa kasha."

Akakubali. Aliondoka na begi lile lile, na safari hii alimwachia dereva wa bajaji alibebe.

Miezi ya kwanza Wardah alifurahi kuliko alivyokuwa amefurahi tangu Taha azikwe. Hussni alipiga simu ya video akiwa dukani, akainua sarafu mbele ya kamera kama anayeagana na mgeni. "Leo mwogeleaji anaondoka," alisema, au, "Baiskeli imenunua mayai." Mwanzoni ilimuuma, ilionekana usoni, kisha akaanza kuchekesha tena kama zamani. Siku moja aliwaambia kwamba mzee wa masharubu amebadilishwa na karatasi ya chooni na hakulalamika. Zamzam alicheka akaunguza samaki. Wanawake wa sokoni wakawa wanauliza kila siku nani ameondoka. Wardah akanunua dira mpya, gauni la kuvalia nikaha, akaificha chini ya godoro, asimwambie mtu.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumanne. Hussni alikuwa amesema wazi: imebaki nyuki peke yake. Mzee Shuaibu akaja nyuma ya soko akakaa kwenye benchi la Wardah, mofa ya moto mkononi, tayari kuweka Ijumaa. Bi Maimuna akaletwa na kiti chake. Simu ikasimamishwa juu ya debe la unga.

Hussni alikuwa mbele ya ile mashine ya kujilipia mwenyewe, na watu wamepanga foleni nyuma yake. Alimwonyesha Wardah nyuki, na mikwaruzo yake ya jivu. Akamtia. Ikasikika sauti ndogo ya chuma ikianguka tumboni mwa mashine. Mzee Shuaibu akasema alhamdulillahi na kinywa kimejaa.

Hussni alikuwa ametia na noti pamoja na ile sarafu, na mashine ikamrudishia chenji. Akakusanya. Mkono ukasimama.

Wardah aliona uso ule. Aliujua. Alikuwa amebandika mofa kwenye ukuta wa tanuri akasahau kuibandua.

Hussni aligeuza kitu kwa vidole viwili. Akatazama picha, akatazama mwaka, akakisogeza kwenye mwanga. Yule mama wa nyuma yake akasema jambo kwa Kiingereza. Hussni akasogea pembeni, simu ikaelekea darini, kisha ikayumba, na kwenye ile kuyumba Wardah akauona mkono ukiingia mfuko wa ndani wa koti. Haukuingia kama mkono unaotia chenji. Uliingia polepole, ukalaza kitu, ukatoka mtupu. Sura ikarudi kwenye kioo, inatabasamu.

"Imekwisha, Wardah. Kasha tupu."

"Umerudishiwa chenji?"

"Kidogo."

"Na ile uliyoiweka kifuani?"

Hussni akapepesa macho. "Ipi?"

Wardah alingoja. Angesema tu, nimeona moja nzuri, nimeshindwa, naye angecheka. Huenda angemwambia hiyo moja aiweke. Alimpa muda wa kutosha mofa kuungua.

"Ipi?" Hussni akauliza tena.

"Haya," Wardah akasema. "Kula salama." Akazima simu.

Akabandua mofa iliyoungua akaitupa kando. Akachota unga mwingine.

"Kwa hivyo," mzee Shuaibu akaanza kwa uangalifu, "tuseme Ijumaa hii, au ile ya pili?"

"Ami, mwambie kijana wenu namwombea heri. Aliniuliza 'ipi' mara mbili nami nimeiona kwa macho yangu. Mtu anayenificha peni hamsini, nikiwa naye ndani atanificha nini? Hapana Ijumaa."

Mzee Shuaibu alitazama mofa yake, akaona bado imebaki nusu, akaimaliza. Bi Maimuna hakutega kitendawili. Alinyoosha mkono akamfuta Wardah unga kwenye shavu, ingawa haukuwa unga peke yake.

Simu ikalia juu ya debe. Ikanyamaza, ikalia tena. Mikono ya Wardah ilikuwa na donge mpaka viwikoni, na wanunuzi walishaanza kusogea.

"Ni yeye," Zamzam akasema. "Nipokee?"

"Pokea."

"Nimwambie nini?"

Wardah akabandika mofa ukutani mwa tanuri, moja, kisha ya pili.

"Mwambie nina wachu hapa wanaolipa."